Kisu Kiliwahi? Majibu kuhusu nyama ya mnyama aliyepata ajali

Barua za safari hii zimetoka Kongwa, Bahi, Chemba, Mpwapwa, Chamwino, Manyoni na Dodoma mjini, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mnyama kaumia au kafa ghafla, nyama yote ile iko chini, iliwe au itupwe? Mbuzi mmoja ni madaftari na sare ya shule ya mtoto. Inauma kumwona anaozea mtaroni kwa sababu mwenyewe aliogopa. Inauma zaidi kusikia ukoo mzima umelazwa kwa sababu mtu aliona uchungu kutupa ng'ombe. Kwa hiyo tumejibu kwa urefu pale panapohitaji urefu.

Gari lilimgonga mbuzi wangu barabara kuu ya Morogoro. Alivunjika mguu wa nyuma na mbavu lakini alikuwa bado anahema. Dereva alinilipa akaenda zake. Majirani wakasema nyama ya ajali ina sumu, nikamwacha mpaka akafa. Je, ni kweli? Na kama ningemchinja, ningefanyaje? — Mfugaji, Kibaigwa

Pole, ndugu mfugaji. Ajali haitii sumu kwenye nyama. Kinachoiharibu ni damu iliyobaki mwilini, uchafu wa tumbo uliomwagikia nyama, na joto. Ukivishinda hivyo vitatu, sehemu kubwa ya mbuzi huyo ilikuwa chakula halali na safi.

Kabla ya kisu, jiulize kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: mbuzi huyu alikuwa mzima kabla ya gari kumgonga? Mbuzi mwenye afya hukimbia gari. Aliyesimama katikati ya lami akizubaa, anayezunguka mahali pamoja, anayetoka mate au aliyekuwa na homa tangu jana, huenda gari limemkuta na ugonjwa wake. Huyo usimchinje kwa chakula mpaka afisa mifugo wa kata amwone.

Kama alikuwa mzima, hakikisha bado yu hai. Gusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole, akipepesa, yupo. Mlaze kivulini, kichwa kiwe chini kidogo kuliko mwili. Kisu kiwe kikali, cha urefu wa sentimita 15 hivi. Kata mara moja chini ya taya, upite koromeo, umio na mishipa mikubwa ya pande zote mbili za shingo. Hapo tazama damu. Ya mnyama aliye hai huruka kwa mapigo, inapungua na kurudi. Ya aliyekwisha kufa huchuruzika bila nguvu, kisha inaganda palepale kwenye jeraha. Hiyo tofauti ndiyo itakayokuambia kama kisu kiliwahi.

Mbuzi wa kilo 25 hutoa karibu lita moja ya damu. Ukipata kikombe kimoja tu ingawa iliruka, usishangae: huenda mbavu zilichoma ndani na damu imejaa kifuani. Utaikuta ukifungua, mabonge meusi kama maini. Yatoe yote, na nyama iliyogusana nayo uikate.

Mwinue umtundike kwa miguu ya nyuma, kamba ikipita kati ya mfupa na kano nene lililo juu ya kisigino. Kama mguu mmoja umevunjika, mtundike kwa ule mzima. Chuna ukianzia miguuni, makali ya kisu yakitazama nje, yaani unapasua ngozi kutoka ndani, ili manyoya yasikatike na kuangukia nyama. Mkono mmoja ushike ngozi, mwingine ushike nyama, na isibadilishwe. Funga umio kwa uzi, zungushia kisu njia ya haja kubwa nayo uifunge, ndipo upasue tumbo huku vidole viwili vikiwa nyuma ya ncha ya kisu ili usitoboe matumbo. Tangu kuchinja hadi matumbo kutoka isizidi nusu saa. Tumbo kubwa lina joto la nyuzi 39 na linaendelea kuchacha hata baada ya mnyama kufa. Kwa jua la Oktoba hapa kwetu huanza kuvimba mapema sana.

Pale ndipo ajali hutofautiana na machinjio ya kawaida. Ukipasua na kukutana na harufu ya majani yaliyochacha na maji ya kijani, tumbo limepasuka ndani. Usikimbilie ndoo ya maji. Maji huchukua uchafu wa mahali pamoja na kuusambaza mwili mzima. Acha matumbo yaanguke, kisha kata kwa kisu kila sehemu iliyolowa, ukiingia ndani sentimita moja. Sarara na nyama ya ubavu laini ndizo hulowa kwanza, kwa hiyo mara nyingi hizo zinakwenda. Nyongo ikipasuka, fanya vivyo hivyo. Ini lililochanika tupa. Lililo zima, laini, lisilo na madoa, ni lako.

Sasa angalia damu iliyovilia. Utaiona chini ya ngozi, nyekundu iliyoiva kuelekea weusi, mara nyingine kama ute mzito. Tazama pande zote mbili: gari lilimpiga kushoto, lami ikampokea kulia. Kata mpaka ukute nyama safi, kisha ongeza sentimita mbili. Usiionee huruma. Damu iliyovilia ni chakula cha vijidudu, huoza kabla ya nyama nyingine na kuiambukiza iliyo jirani. Mguu uliovunjika ukate kwenye kiungo cha juu ya mvunjiko, kwa sababu vipande vya mfupa husafiri mbali ndani ya msuli kuliko unavyodhani.

Mbuzi wa kilo 25 kwa kawaida hutoa kilo 11 hivi za nyama na mifupa. Ukitupa paja moja na mbavu za upande mmoja, utabaki na kilo nane. Itundike kivulini penye upepo, uifunike kwa chandarua safi, na ipikwe siku hiyohiyo, isipokuwa ile utakayoikausha kama tunavyoeleza mwishoni. Ya kula nyumbani tu tunashauri ikaguliwe. Ya kuuza, hata kilo moja, lazima ikaguliwe kwanza. Na jambo la mwisho: aliyegonga akishalipa, mkubaliane waziwazi mbele ya shahidi nyama ni ya nani. Ugomvi mwingi wa barabarani huanzia hapo.

Tulimkuta kondoo amegongwa na amekwisha kufa, lakini mwili ni wa moto kabisa. Mzee mmoja akasema tumchinje haraka damu itatoka. Tukamchinja. Damu ilitoka kidogo. Tulikosea? — Kijana, Bahi

Mlikosea, na tunalisema kwa heshima kwa mzee wetu. Damu husukumwa na moyo. Moyo ukisimama, unachokipata ni ile iliyokuwa kwenye mishipa mikubwa ya shingo. Iliyo ndani ya misuli inabaki. Joto la mwili si dalili ya uhai, kwani kondoo mwenye sufu hukaa na joto saa nyingi baada ya kufa. Huyo ni kibudu, na mkaguzi wa nyama hawezi kumpigia mhuri.

Kwa Waislamu suala hili limekwishaamuliwa. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, inataja mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, kupigwa, kuanguka, kupigwa pembe na aliyeliwa na mnyama mkali, kuwa ni haramu, isipokuwa yule mliyewahi kumchinja. Yaani aliyegongwa akawa bado hai, akachinjwa kwa utaratibu, analiwa. Aliyekufa kwanza haliwi, hata akikatwa shingo mara kumi. Kwa hiyo kama nyama ya mnyama aliye hai italiwa na mtaa wote, mwite jirani Mwislamu ashike kisu, na umweleze ukweli wote. Kumlisha mtu kibudu bila yeye kujua ni dhuluma.

Kitu kimoja mnaweza kuokoa kama mlishuhudia ajali kwa macho: ngozi. Chuneni, ondoeni mafuta yote, pakeni chumvi upande wa nyama kiasi cha karibu nusu ya uzito wa ngozi, au iwambeni kwenye fremu ya miti kivulini. Ngozi inayoanikwa chini juani huungua na kukatika ikikunjwa. Mzoga uzikwe kina ambacho mbwa na fisi hawatafukua.

Kuku kakanyagwa na bodaboda, anapapatika. Anafaa? — Mama, Area C, Dodoma

Mama, kupapatika si uhai. Kuku hupapatika hata shingo ikiwa imekwisha kutoka. Angalia kama anapumua na macho yanafunga yakiguswa. Yu hai, na tairi limepita bawani, mguuni au shingoni: mchinje. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto ambao mkono hauwezi kuuvumilia lakini yasichemke, nyuzi 60 hadi 65, umtumbukize kama dakika moja. Tairi likipita tumboni, usile sehemu yoyote, mtupe. Kuku ni mdogo, utumbo ukipasuka hakuna pa kukata ukabaki na kitu.

Mvua ya Januari radi ilipiga mti, tukakuta ng'ombe wanne wamekufa chini yake. Wazee wanasema nyama ya radi inaliwa. — Mfugaji, Chemba

Tafadhali, usiwapasue. Kwanza ni vibudu, hawakuchinjwa. Pili, na hili ndilo linalotutia hofu, kimeta huua vilevile: ghafla, mnyama aliyekuwa anakula jana. Mwili huvimba haraka, haukakamai vizuri, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na njia ya haja kubwa. Dalili za radi ni manyoya yaliyoungua kwa mstari, majani bado mdomoni, na wanyama kadhaa kuanguka kwa wakati mmoja karibu na mti au seng'enge. Lakini damu ya aliyepigwa radi nayo huweza isigande, na ng'ombe wa kimeta anaweza kufia chini ya mti. Kwa macho peke yake hutajua. Daktari wa mifugo huchukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio na kulitazama kwa hadubini, mzoga ukiwa haujapasuliwa.

Kwa nini usipasue? Kimelea cha kimeta kikiwa ndani ya mzoga uliofungika hufa kadiri mzoga unavyooza. Kikikutana na hewa hujivika ganda gumu na kukaa ardhini miaka mingi sana. Kupasua ng'ombe mmoja ni kupanda ugonjwa kwenye malisho ambayo wajukuu wako watachungia. Kama ni kimeta, mzoga huchomwa palepale au huzikwa kina cha mita mbili, bila kuburutwa. Aliyekwisha kushika nyama na akaota kidonda kisichouma chenye kitovu cheusi, au akala na kuanza kuharisha na kutapika, aende hospitali leo, aseme wazi alichoshika. Dawa ipo na inaponyesha akiwahi.

Mvua zikizidi, kumbuka pia homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu. Mlipuko wa 2007 uliupiga mkoa wa Dodoma kuliko mikoa mingine, na wengi huambukizwa kwa kugusa damu na viungo wakati wa kuchinja, si mezani. Ukisikia kondoo na mbuzi wengi wanatupa mimba katika kijiji, usichinje mnyama yeyote wa dharura mpaka upewe ruhusa.

Nasafirisha ng'ombe kutoka minadani kwenda Pugu, Dar es Salaam. Mara nyingine mmoja anakanyagwa kwenye lori, anavunjika mguu au nyonga. Nimchome sindano nimfikishe, au nimchinje njiani? — Mfanyabiashara, Dodoma

Amua kabla ya kugusa sindano. Hili ndilo kosa linalopoteza ng'ombe wengi wa ajali: mtu anamchoma dawa ya maumivu na oksitetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria) asubuhi, jioni anaona hasimami, anaamua kuchinja. Nyama sasa ina dawa. Oksitetrasaiklini nyingi za kukaa mwilini muda mrefu hutaka siku 28 kabla ya kuchinja. Soma chupa yako. Aliyevunjika nyonga hatapona kwenye lori, na safari ya kilomita zaidi ya 400 ni mateso matupu kwake.

Mpigie daktari wa mifugo aliye karibu na mlipo, amwone akiwa hai, akubali achinjwe hapo. Usimburute kwa mkia wala kamba ya pembe: kila mita ya kuburuta ni nyama iliyovilia. Baada ya kuchinja, toa matumbo ndani ya dakika 45. Kama machinjio yako jirani, usimchune. Ngozi ni kifuniko kizuri dhidi ya vumbi na nzi njiani. Kichwa, mapafu, moyo, ini, bandama na figo viende pamoja na mwili huo, kwenye chombo safi, visichanganywe na vya ng'ombe mwingine. Mkaguzi hupasua misuli ya taya, moyo na bega kutafuta tegu, na hutafuta vinundu vya kifua kikuu kwenye mapafu na matezi. Bila viungo hivyo hana cha kusoma, atalazimika kukataa nyama yote.

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hutoa kilo 110 hadi 125. Lakini jua hili: mnyama aliyelala chini muda mrefu akihangaika ametumia sukari yote ya misuli. Sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kuchinjwa na kuilinda nyama. Isipokuwepo, nyama inakuwa nyeusi, inanata mkononi, na inaharibika mapema ingawa haina ugonjwa. Iuzwe kwanza na ipikwe kwanza. Isikaushwe.

Usiku tulimgonga digidigi barabara ya Manyoni. Tungechukua nyama? Hatukuchukua, tulibishana tu. — Dereva

Mlifanya vyema kuacha. Mnyamapori ni mali ya taifa hata akifia kwenye bampa lako. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama, ngozi au pembe ukikutwa nayo bila kibali ni nyara ya serikali, na maelezo ya ajali hayakuokoi kama hukutoa taarifa. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, taja mahali na saa. Kanga na sungura nao wamo humohumo.

Matumbo na viungo vibovu huwa tunawapa mbwa. Kuna ubaya? — Msomaji, Mpwapwa

Upo. Ukiona vibofu vyenye maji kwenye ini au mapafu, au kwenye ubongo wa mbuzi aliyekuwa na kizunguzungu, hivyo ni minyoo michanga ya mbwa. Mbwa akila, minyoo hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya yake, mikono ya mtoto na mboga za bustani. Kwa mtu, kibofu kama hicho huweza kuota ndani ya ini na kuhitaji upasuaji. Choma au zika. Vilivyo safi mchemshie mbwa kwanza.

Hatuna friji. Mbuzi wa ajali ana nyama nyingi kuliko tunavyoweza kula siku moja. Tuikaushe vipi? — Mama wa nyumbani, Chamwino

Mama, kwa hali ya hewa ya hapa kwetu mmejaliwa. Juni hadi Oktoba upepo ni mkavu na usiku una baridi. Hiyo ndiyo hewa ya kukaushia. Masika usijaribu bila moshi.

Chagua nyama nyekundu isiyovilia na isiyoguswa na uchafu wa tumbo. Toa mafuta yote, kwani mafuta hayakauki, yanachacha. Kata kamba za unene wa sentimita moja na urefu wa 20 hadi 30, ukifuata nyuzi za nyama. Yeyusha gramu 140 za chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tumbukiza kamba kwa dakika tano, zichuruze maji, kisha zitundike kwenye waya au kamba safi bila kugusana, juu kuliko vumbi la kuku na mbuzi. Anza asubuhi mapema ili kufikia jioni ziwe zimeshika ukavu. Usiku ziingize ndani.

Kosa la kawaida ni unene. Kamba ya sentimita tatu kwenye jua kali huota ganda gumu nje siku ya kwanza, unyevu unafungiwa ndani, na siku ya nne ukiikata unakuta katikati inanuka. Ikifika hapo haiokoleki. Iliyokauka vizuri ndani ya siku nne au tano ina rangi moja toka nje hadi ndani, haina pa laini ukibonyeza, na kilo moja imebaki gramu 300 hadi 350. Itie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, uikague kila wiki. Ukiona ukungu au unyevunyevu, usiile.

Usitegemee kukausha kuua vijidudu, kwa hiyo isitafunwe mbichi. Loweka usiku mzima, mwaga maji hayo, chemsha saa moja na nusu mpaka uma upite bila kushindana, ndipo utie karanga. Kwa ugali wa uwele, vipande vitano vinatosha sufuria ya watu wanne.